Yaliyomo ya Faili la Mwalimu

Jumapili, 2 Machi

Simu ya Jumapili. Dakika nne na sekunde kumi — simu yenyewe ndiyo inahesabu, si mimi. Mwalimu kaniuliza bomba la jikoni limepona? Nikamwambia limepona, nimebadilisha washa, ile pete ya mpira ya ndani. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, ajabu kabisa. Nikamweleza kwa kirefu. Akauliza, na wewe? Nikasema mimi mzima. Mtoto akalia huko nyuma. Haya Fundi, tutaongea. Basi.

Mjukuu ana miezi minne sasa. Mwalimu aliaga anakwenda wiki sita, kumsaidia binti yetu uzazi. Wiki sita ziliisha Desemba. Mtoto bado mdogo, anasema. Sawa. Mjukuu wa kwanza, nani asingekaa? Hata mimi ningekaa.

Daftari hili ni la hitilafu. Nilistaafu nalo kutoka mitambo ya simu, likiwa halina hata mstari mmoja. Miaka thelathini na moja nimeandika: laini hii haina sauti, laini ile inakwaruza, imeshughulikiwa, sahihi. Mkono umezoea. Tangu Januari naandika humu maana kusema na birika nako kuna mwisho wake. Hakuna atakayesoma.

Mayai mawili. Sahani moja. Nimelala mchana.

Jumatatu, 3 Machi

Karani wa chuo cha wakunga kapiga simu asubuhi. Yule mama akianza kusema hapumui. Mwongozo wa Mwalimu unachapwa! Mwongozo wa Mkunga, ule aliouandika miaka mitatu pale chumba cha nyuma. Mkuu wa chuo anautaka kabla ya tarehe kumi na mbili, na mbele uwe na yaliyomo, kila kichwa na ukurasa wake. Faili liko kwenye kompyuta ya hapa nyumbani. Mwalimu kamwagiza karani: mwambie Fundi alitie kwenye flashi, alipeleke kwa Mama Chapa.

Mbona jana hakuniambia mwenyewe? Labda kasahau. Tulikuwa kwenye bomba.

Chumba cha nyuma sikuwa nimeingia. Kuingia nimeingia, kutafuta bisibisi, lakini sikuwa nimekaa. Kiti chake kina mto wenye kishimo katikati. Kompyuta kaifunika kitambaa, na juu ya kitambaa kuna kalamu yake na pini mbili za nywele. Nimeziweka pembeni, zilivyokuwa, kwa mpangilio ule ule.

Faili linaitwa "mwongozo mwisho kabisa 2". Nimecheka peke yangu! Kurasa 284. Sikufungua. Si kazi yangu. Nimelinakili kwenye flashi, nikazima, nikafunika.

Jumanne, 4 Machi

Sijui nianzie wapi.

Duka la Mama Chapa. Kaunta ya kioo, tangazo la USIEGEMEE, printa tatu na moja tu inafanya kazi. Mwenyewe mnene, mchangamfu, penseli kaichomeka kwenye nywele. Kasema kazi hii ndogo, baba. Mwalimu mwenyewe ameshaviweka vichwa: kila sura kaipa Kichwa 1, kila sehemu Kichwa 2, na vile vidogo vya buluu Kichwa 3. Mashine inavijua. Ukiibonyeza inapita kitabu kizima, inavikusanya vyote, inaandika na kurasa. Sekunde mbili.

Akabonyeza. Akaanza kunisomea kwa sauti, kwa madaha, kama anasoma taarifa ya habari. Kumpokea mama mjamzito. Kupima shinikizo la damu. Kuosha mikono na kuvaa glavu.

Akasogeza uso kwenye skrini.

Nikauliza, imekwama? Hapana baba. Akashuka chini, akashuka tena. Skrini akaigeuza kidogo upande wake. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akaambiwa asubiri nje! Halafu akachapa karatasi tano, akazikunja mara nne, akazitia kwenye bahasha, akailamba na kuifunga. Bahasha, kwa karatasi tano. Ukasome nyumbani, baba. Ukae chini kwanza.

Nilidhani ni makosa ya uandishi.

Nimefika nyumbani, nimeosha sahani, nimemalizia redio ya jirani niliyomwahidi, imeharibika tena. Saa tisa nikafungua. Nanakili hapa sehemu tu, jinsi ilivyo:

Kuosha mikono na kuvaa glavu ........ 41
Leo chumvi nimezidisha makusudi. Amekula yote, hajasema ........ 43
Mkao wa mama wakati wa uchungu ........ 44
Nimekata nywele. Leo siku ya sita ........ 58
Kumwekea mama dripu ........ 59
Redio ya jirani imepona, inaongea. Heri yake jirani ........ 102
Kutokwa damu baada ya kujifungua ........ 117
Nimemwambia nimechaguliwa mkufunzi bora. Kasema "safi", akarudi kwenye waya wake ........ 140
Mtoto asiyelia anapozaliwa ........ 163
Nimejikamata nikisalimiana na kabati ........ 164

Na mengine. Yote yamepangwa vizuri, na vinukta vyake, na kurasa zake.

Mimi ndiye huyo. Anayekula na kunyamaza ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilikuwa na hasira. Uongo! Nywele niliziona. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda kuzikumbuka. Zilikuwa ndefu, anazisuka. Halafu ni fupi. Katikati hapo sina kitu. Nimejaribu mpaka kichwa kimeuma.

Ile chumvi naikumbuka. Nilikunywa maji vikombe vinne! Nilinyamaza kwa heshima, jamani. Mtu amerudi kazini amechoka, amesimama jikoni, wewe umkosoe chumvi? Nilidhani hayo ndiyo mapenzi yenyewe — kula ulichopewa na kunyamaza. Kazini tulifundishwa hivyo. Unaingia kwenye laini ya watu, unasikiliza mkwaruzo, maneno yao si yako. Ukijikuta unasikia maneno, chomoa waya. Nimechomoa miaka thelathini na moja.

Saa nne nikarudi kwa Mama Chapa. Sikumtazama. Nikasema vile vya buluu, vile vidogo, vitoe vyote kwenye yaliyomo. Inawezekana? Akasema inawezekana sana. Kuna kisanduku kinauliza ngazi ngapi zionekane. Ilikuwa tatu, akaweka mbili. Kurasa tano zikawa mbili. Safi kabisa, hakuna chumvi, hakuna kabati. Nikataka kuondoka.

Akaniita. Baba, hebu tazama. Kutokwa damu kuko wapi? Nikatafuta. Hakuna. Mtoto asiyelia? Hakuna. Kifafa cha mimba? Hakuna. Mwalimu vyote hivyo kaviweka Kichwa 3, pamoja na vile vyake. Mama Chapa akasema yeye amezaa mara mbili, na mara ya pili alitokwa damu mpaka akaona ukuta unakimbia. Mkunga hana muda wa kupekua kurasa mia tatu, anatazama mbele, anaona namba, anafungua. Akasema kwa upole, lakini penseli alikuwa ameishika kama anataka kunichoma nayo.

Kwa hiyo haiwezekani kuvifuta kwa mkupuo. Ni kimoja kimoja. Nikasema basi nifundishe, nitafanya mwenyewe nyumbani. Akanitazama. Akaniandikia hatua kwenye kipande cha katoni, herufi kubwa.

Nadhani najua alivyofanya Mwalimu. Alipenda tu ile buluu. Anaandika kuhusu dripu, linamjia jambo, analiandika hapo hapo, analipa rangi ili baadaye alione alifute. Hakujua kwamba ile buluu kwa mashine ni kichwa, nayo inakikumbuka. Yaliyomo hakuwahi kuyatengeneza, kitabu hakikuwa kimekwisha.

Kwa nini hakuandika kwenye daftari? Nyumba nzima ina madaftari. Nafikiri ni kwa sababu lile faili lilikuwa mahali pekee ambapo hakuna hatari ya mimi kupita.

Alhamisi, 6 Machi

Kutwa chumba cha nyuma. Kiti chake kimenikataa, nimeleta changu cha jikoni.

Hatua za Mama Chapa: unatengeneza mtindo mpya. Unaufananisha na Kichwa 3 kwa kila kitu, buluu ile ile, ukubwa ule ule, lakini palipoandikwa ngazi unachagua maandishi ya kawaida. Hapo kinaonekana kichwa lakini mashine haikihesabu. Programu ikaniuliza mtindo huu niuite nani. Nikaandika PEMBENI. Halafu vile vya Mwalimu unavitafuta kimoja baada ya kingine, unabonyeza, unakipa PEMBENI. Mwisho unasasisha yaliyomo.

Shida ni kwamba ili ukipate lazima ufike kwenye ukurasa wake. Kwa hiyo nimesoma. Siyo vile vya buluu tu, na vinavyovizunguka. Sikujua mke wangu anajua mambo haya. Ukurasa wa 60 anaeleza jinsi ya kumshika mama mkono wakati sindano inaingia: usimshike kama unamzuia, mshike kama unampokea. Nimesoma mstari huo mara tatu. Miaka yote hii nilidhani anafundisha kupima shinikizo.

Viko ishirini na vitatu. Nimefanya kumi na vinne leo. Kimoja, ukurasa wa 188, kinasema tu: Jumanne. Sijui Jumanne gani. Nimekaa nacho muda mrefu kuliko vyote.

Jirani kabisha hodi kushukuru redio. Nilimjibu dirishani, sikutaka aone macho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza. Viwili vya mwisho:

Nimesema naondoka wiki sita. Kasema "sawa" ........ 229
Akiniuliza narudi lini, nitarudi ........ 231

Hicho cha mwisho kiko chini ya sura ya kumruhusu mama kwenda nyumbani. Baada yake hakuna buluu tena, kazi tupu mpaka ukurasa wa 284.

Nimehesabu Jumapili tangu aondoke. Kumi na saba. Nimemuuliza kuhusu meno ya mtoto, joto la mtoto, mkwe wetu amepata kazi, huko kwenu mvua. Nimemweleza bomba, fyuzi, bawaba ya mlango wa nyuma. Unarudi lini — sikuuliza hata mara moja. Nilikuwa naogopa ataona namharakisha. Hapana. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Nilikuwa naogopa jibu.

Nikakipa PEMBENI. Nikasasisha. Kurasa tatu na nusu, kutokwa damu kupo, kifafa kipo, mtoto asiyelia yupo. Vyake hakuna hata kimoja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepeleka flashi chuoni. Jumamosi lakini karani yupo, anapenda ofisi kuliko kwake. Kafungua, kayaona yaliyomo, kapiga makofi! Mzee, kumbe wewe ni mtaalamu. Nikasema ni mambo ya kujifunza tu. Nimerudi kwa miguu, nimenunua mkate mzima badala ya nusu. Jua zuri. Siri ya Mwalimu nimeifunika vizuri, kitabu chake kimetoka safi, hakuna aliyeaibika. Nimejisikia mtu.

Mkate mzima kwa mtu mmoja unaota ukungu, nilisahau.

Jumapili, 9 Machi

Kapiga saa kumi. Dakika tatu na sekunde hamsini.

Nilikuwa nalo swali mdomoni. Nikauliza meno. Bado, lakini ufizi umevimba. Akauliza, faili ulilipeleka? Nikasema nililipeleka. Lilisumbua? Nikasema halikusumbua. Akanyamaza kidogo. Zamani nisingeusikia huo unyamavu. Sasa naujua, una ukurasa wake.

Haya Fundi.

Nikakaa na simu mkononi. Tatizo ni hili, ngoja niliandike wazi, kama hitilafu: alitaka niulize bila kuambiwa. Sasa nimeambiwa. Nikiuliza leo, nimeuliza au nimenakili? Mwanafunzi aliyeiona karatasi ya mtihani akapata mia, utampa zawadi? Na nisipouliza, ni Jumapili ya kumi na nane.

Jumatatu, 10 Machi

Mjinga! Mjinga mkubwa mimi!

Nilikuwa nanyoa ndevu, saa mbili asubuhi. Nikakumbuka yule daktari wa zamani aliyetaka namba yake isichapwe kwenye kitabu cha simu. Tukaitoa. Mwezi mmoja baadaye kaja juu, bado anapigiwa! Tukamwambia mzee, kwenye kitabu namba haimo, lakini laini yako iko pale pale, anayeijua namba anakupata. Tulimcheka wiki nzima.

Nikasimama na povu shavuni. Vile vya Mwalimu nimevitoa kwenye yaliyomo. KWENYE KITABU VIMO. Ukurasa wa 43, buluu, herufi nene, katikati ya glavu na mkao wa mama: Leo chumvi nimezidisha makusudi. Wanafunzi mia mbili!

Sikumaliza shavu la pili. Chuoni nimefika natweta. Karani kanipa kiti, nimekikataa. Faili limeshachapwa? Bado mzee, limechapwa nakala tatu tu, za wakufunzi kupitia makosa. Ziko wapi? Wanazo tangu Jumamosi jioni.

Kaniletea mbili, ya tatu mkufunzi kaenda nayo wodini. Nikafungua 43. Kuna wino mwekundu. Mkufunzi kaipitia ile chumvi kama anavyopitia dripu! Kaongeza nukta mwisho wa sentensi. Pembeni kaandika: Hii ibaki? Kwenye 58, nywele, kaandika: Pole, dada. Kwenye 231 hakuandika kitu, kuna doa tu, kama mtu aliweka kalamu akaghairi.

Nikakaa. Karani kafunga mlango na kwa mara ya kwanza hakusema haraka. Kasema mzee, usihangaike na hizo nakala. Wote tunajua. Mwalimu ameomba uhamisho tangu mwezi wa kwanza. Kuna chuo huko aliko binti yenu, wanamtaka. Barua ya kukubali anatakiwa aisaini Jumatatu ijayo, tarehe kumi na saba. Tulidhani mmekubaliana.

Nikasema ndiyo, tumekubaliana.

Uongo wa kwanza kumwambia karani katika maisha yangu. Hakuuamini, akaniitikia tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nimevikata vyote ishirini na vitatu nikavitia kwenye faili lingine, peke yake. Kuvifuta sikufuta, si vyangu. Nilipokuwa nakata, maandishi ya chini yanapanda juu na kuziba pengo, hupajui tena mahali palipokuwa. Kurasa zikabadilika, nikasasisha. 284 zimekuwa 282. Huzuni zote za mtu miaka mitatu, kurasa mbili.

Faili lile programu imeniuliza jina. Sikujua. Nimeandika "la Mwalimu".

Nimepeleka kwa mkono. Nakala ya tatu imerudi kutoka wodini, nimezichukua zote, ziko kabatini. Karani kanitazama shavu, nilikuwa nimelinyoa.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika kwenye karatasi nitakayosema Jumapili. Mistari tisa. Nimeisoma kwa sauti jikoni — ni taarifa ya hitilafu. "Kufuatia yaliyobainika." Nimeichana. Nimeandika nyingine, mistari mitatu. Nimeiweka mfukoni.

Mama Chapa nimekutana naye njiani, kabeba boksi la karatasi, nimempokea. Hatujasema habari ya faili hatua hamsini nzima. Mlangoni kwake kasema: baba, mimi wangu alikuwa anaongea kutwa, na hakuna alichosema. Halafu kacheka, kachukua boksi lake. Sijui alitaka kunifariji au kunionya.

Nyumba hii ina kelele nyingi kumbe. Friji, saa, bati likipata jua. Nilikuwa nadhani ni kimya.

Namtaka arudi. Naandika hivyo, niione imeandikwa. Siyo kwa ajili ya kupika, kupika nimejifunza. Namtaka aketi pale aniambie kachaguliwa mkufunzi bora, nami niweke waya chini.

Jumapili, 16 Machi

Saa nne asubuhi. Nimepiga mimi. Sikungoja saa kumi, saa kumi ni zamu yake.

Kashtuka. Kuna nini? Nani anaumwa? Nikasema hakuna mgonjwa. Bomba? Nikasema bomba nalo ni zima.

Karatasi ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Nikasema: Mwalimu, faili lako nimelifungua.

Nikaendelea, maana ningesimama nisingeanza tena. Nikasema Mama Chapa alitoa yaliyomo, mashine ikakusanya na vile vyako vya buluu. Nikavitoa kwenye yaliyomo, nikavisahau ndani ya kitabu, wakufunzi watatu wamesoma, nisamehe. Sasa nimevitoa kote. Viko kwenye faili la peke yake, vizima, sijagusa neno.

Laini haikukatika. Laini iliyokatika naijua, na hii ilikuwa na mtu.

Akasema taratibu, nilidhani utalibeba hivyo hivyo. Hujawahi kufungua kazi yangu.

Nikasema ni kweli.

Vingapi ulisoma? Vyote, ishirini na vitatu. Na cha mwisho? Nikasema na cha mwisho. Ndipo nilipokwama. Nikasema, nikikuuliza sasa utasema nauliza kwa kuwa nimesoma. Na nisipokuuliza, kesho unasaini.

Karani, akasema. Siyo kwa hasira. Yule mama!

Nikataka kusema kitu cha akili. Sauti ikateleza. Nikasema, nakukosa, Mwalimu. Umri wangu huu, sikumbuki kumwambia mtu neno hilo. Hata mama yangu.

Hapo mtoto akaanza kulia. Mwalimu akasema Fundi, usikate. Nimpeleke mtoto kwa mama yake, nifunge mlango. Usikate.

Sijakata. Simu iko mezani, spika nimeiwasha, inahesabu. Dakika ya kumi na moja. Hatujawahi kufika. Naandika ili mikono ipate kazi. Nasikia kila kitu na leo sichomoi. Binti yetu anauliza ni nani. Anajibiwa, baba yako. Binti: saa hizi? Kuna nini? Anajibiwa jambo sijalishika. Mtoto kapunguza kilio. Mlango. Bomba linafunguliwa, linafungwa — anakunywa maji, au ananawa uso, sijui.

Nitauliza anarudi lini. Neno kwa neno, kama lilivyokuwa ukurasa wa 231. Akisema nimenakili, nitasema ndiyo, nimenakili. Na akijibu vingine, nitamuuliza kwa nini, na nitasikiliza maneno.

Dakika ya kumi na nne. Mlango mwingine, huu ni wa karibu. Hatua zake. Kiti kimevutwa.

Haya, anasema. Nimekaa.